Triumph TR6 ya 1969: taa ya oili inawaka injini ikipata moto, na chembe za chuma zimeonekana kwenye chujio

Mwana wa Kisauni (Mombasa)

Asalaam aleikum, na salamu kwenu nyote mnaotunza pikipiki za zamani.

Ninaomba msaada kuhusu pikipiki ya marehemu baba yangu, Triumph TR6 Trophy ya mwaka 1969, yenye injini ya silinda mbili ya cc 649. Baba aliinunua Nairobi ikiwa imekwisha kutumika, akaiendesha kwa miaka mingi, kisha ikakaa stoo nyumbani kwetu Kisauni, chini ya turubai, hadi mwaka juzi nilipoitoa. Chumvi ya pwani haikuila sana kwa sababu alikuwa ameipaka grisi kila palipokuwa na kromu, na silinda zilipofunguliwa tulikuta kuta zake zikiwa safi.

Niliipeleka kwa fundi mmoja ambaye alibadilisha ringi za pistoni, akasaga valvu, akafungua kifuniko cha taimingi upande wa kulia ili akague gia, kisha akakirudisha. Injini iliwaka kwa kiki ya tatu, na mama alitoka nje kusikiliza mlio ambao hakuwa ameusikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa hiyo mtaelewa kwa nini jambo hili linaninyima usingizi.

Tatizo ni hili. Asubuhi, injini ikiwa baridi, taa ya oili huzimika mara tu injini inapowaka. Nikiendesha kwa dakika kama kumi na tano na kusimama, taa huanza kumeta injini inapozunguka polepole, na nikiongeza moto kidogo huzimika. Wiki iliyopita imeanza kumeta hata nikiwa kwenye mwendo. Nimefungua kizibo cha tenki la oili na kuchungulia: oili inarudi, ingawa inarudi kwa kutematema na mapovu. Nilipomwaga oili na kutoa chujio la wavu lililo chini ya injini, nilikuta chembe zinazong'aa kama unga wa fedha, pamoja na uzi mmoja wa silikoni ya kijivu wenye urefu wa kucha.

Fundi anasema pampu imekufa na niagize mpya kutoka Uingereza. Kabla sijatoa fedha hizo, ningependa kujua: je, dalili hizi ni za pampu kweli? Na je, njia za oili za injini hii zinaweza kusafishwa bila kuipasua injini katikati?

Fundi Mstaafu (Tanga)

Waaleikum salaam, mwanangu, na Mungu amrehemu baba yako. Ombi langu la kwanza ni kwamba usiiwashe tena injini hiyo, hata kwa dakika moja ya kumwonyesha mgeni, mpaka ujue zile chembe zimetoka wapi.

Pampu za Triumph za aina hiyo nimezifungua nyingi, na ni chache nilizozikuta zimekufa. Ni pampu ya pistoni mbili ndogo, zinazopanda na kushuka kwa kusukumwa na kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, ya upande wa kuingizia. Pistoni nyembamba hupeleka oili kwenye injini, na ile nene huivuta kutoka chini na kuirudisha kwenye tenki. Kwa kuwa inayorudisha ni kubwa kuliko inayopeleka, chini ya injini hukauka mara kwa mara na pampu huvuta hewa. Ndiyo maana oili inarudi kwa kutematema na mapovu, na hiyo ni dalili ya afya, wala isikutishe.

Lakini pia isikufariji. Kuona oili ikirudi kwenye tenki hakuthibitishi kwamba oili imefika kwenye kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Oili inaweza kutoka kwenye pampu, ikakuta mlango ulioachwa wazi njiani, ikaanguka moja kwa moja chini ya injini, ikavutwa na kurudishwa juu, nawe ukachungulia tenki na kuridhika, huku konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na kranki, zinakauka. Hapo ndipo wengi hupotea.

Kwa hiyo ifuate oili mwenyewe, hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata mfereji wa shamba kutafuta palipobomoka. Inaanzia kwenye tenki, inapita kwenye chujio la wavu lililomo ndani yake, inashuka kwa uzito wake wenyewe katika bomba la mpira hadi kwenye kiungo kilicho nyuma ya injini, inaingia kwenye tundu lililotobolewa katika kasha la injini, inafika kwenye pampu. Kutoka hapo inasukumwa kwa presha hadi kwenye valvu ya kupunguza presha iliyo mbele, na hadi ndani ya kifuniko cha taimingi, ambako tundu jembamba huipeleka kwenye ncha ya kranki. Inaingia katikati ya kranki yenyewe na kutokea kwenye metali za konrodi (vipande laini vya beringi vinavyoizunguka kranki), na matone yanayorushwa kutoka kwenye konrodi ndiyo yanayolainisha kuta za silinda na beringi kubwa za pembeni. Roka za juu, zile zinazosukuma valvu, hazipati oili kwa njia hiyo. Zinapata mgawo kutoka kwenye bomba la kurudishia.

Anza na lile bomba la mpira. Mpira wa zamani katika joto la pwani huonekana mzima kwa nje, lakini ngozi yake ya ndani hubanduka na kuwa kama ulimi unaofunga njia kila pampu inapovuta. Libadilishe hata kama huoni kosa, kwa sababu ni senti chache. Kisha toa swichi ya taa iliyo mbele ya kifuniko cha taimingi, uweke geji ya presha mahali pake. Angalia sana uzi (mikato ya skrubu) wa hilo tundu: swichi za mwanzo zilikuwa na uzi ulionyooka na za baadaye zilikuwa na uzi unaonenepa kuelekea juu, na mtu akilazimisha wa pili ndani ya tundu la kwanza, kifuniko hupasuka.

Umwagie oili mpya ya 20W-50, uache injini ipate moto barabara mara moja tu kwa ajili ya kipimo hiki, na uniandikie namba. Kitabu cha kiwanda kinataka paundi 65 hadi 80 kwa inchi mraba injini ikiwa katika mwendo wa kawaida, na 20 hadi 25 ikizunguka polepole.

Mpanda Milima (Arusha)

Ndugu yangu, mimi ningejaribu kwanza oili nzito zaidi, kwa mfano SAE 60 ya daraja moja. Nilikuwa na pikipiki nyingine ya Kiingereza iliyokuwa ikiwasha taa namna hiyo hiyo, nikaiwekea oili nzito na taa ikazimika kabisa. Kuifungua injini iliyotoka kutengenezwa ni gharama na usumbufu, na huenda swichi yenyewe ndiyo mbovu.

Fundi Mstaafu (Tanga)

Ndugu wa Arusha, kuhusu swichi nakubaliana nawe, na ndiyo sababu nimemwambia atumie geji. Kuhusu oili nzito siwezi kukubali. Oili nzito hupandisha mshale wa geji kwa sababu inapita kwa shida, na mahali inapopita kwa shida zaidi ni kwenye yale matundu membamba ya kranki tunayoyahofia. Taa itazimika na konrodi zitapata oili kidogo kuliko jana. Mwenye chembe za chuma kwenye chujio hana nafasi ya kujaribu hilo.

Mwana wa Kisauni (Mombasa)

Shikamoo, mzee wangu. Nimefanya kama ulivyoelekeza.

Bomba la mpira nililipasua kwa kisu, na ndani kulikuwa na ngozi iliyobanduka upande mmoja kama ulivyosema, ingawa haikuwa imeziba njia yote. Nimeweka mpya. Uzi wa swichi ulikuwa ulionyooka, nami nikamwomba fundi wa lezi anichongee kiungo kinacholingana nao badala ya kulazimisha.

Namba ni hizi. Injini ikiwa baridi, mshale ulipanda hadi 75. Baada ya dakika ishirini za kuzunguka mtaani, ulisimama kwenye 22 nilipofikisha mizunguko 3,000, na ukashuka hadi 4 nilipoachia moto. Nilizima hapo hapo. Je, hii bado si pampu?

Mswahili wa Coventry (Uingereza)

Habari zenu. Ninaishi Coventry, mwendo mfupi kutoka Meriden, ambako pikipiki hiyo ilijengwa na ambako kiwanda kilifungwa mwaka 1983. Nimekwisha kuzijenga upya injini mbili za aina hiyo katika banda la nyumba yangu, na kwa hizo namba ningeweka macho yangu kwenye kifuniko cha taimingi kabla ya kuigusa pampu.

Presha haitengenezwi na pampu peke yake. Pampu hutoa mtiririko, na presha hutokea pale mtiririko unapopata upinzani. Presha ikiwa nzuri baridini na kuanguka motoni, maana yake ni kwamba kuna mahali oili ikishakuwa nyepesi inapata upenyo mkubwa wa kutoroka. Katika injini hii mapenyo yanayoweza kuitorosha oili kiasi hicho ni matatu: sili (pete laini ya kuzuia oili) ya ncha ya kranki, valvu ya kupunguza presha, na metali za konrodi zilizolika.

Sili kwanza, kwa sababu fundi wako alifungua kifuniko hicho. Ncha ya kranki inaingia ndani ya sili ndogo iliyokaa kwenye kifuniko, na hapo ndipo oili yote ya kranki inapoingilia. Mdomo wa sili wenye springi lazima utazame ndani ya kifuniko, upande presha inakotoka, ili presha yenyewe iubane mdomo kwenye chuma. Mtu aliyezoea sili za kuzuia oili isitoke nje ya injini huiweka kinyume, kwa kuwa anadhani inazuia oili ya upande wa gia. Ikiwekwa kinyume hushika vizuri ikiwa baridi na kuachia ikipata moto. Hata ikiwekwa sawasawa, mdomo wake huchanika kirahisi kifuniko kinaposukumwa juu ya ncha ya kranki. Kiwandani walikuwa na kifaa chenye umbo la risasi cha kuongozea, nami hutumia kipande cha plastiki laini nilichokikunja na kukipaka oili.

Uzi wa silikoni ulioukuta unanihuzunisha kwa sababu naujua unakotoka. Kifuniko hicho hakina gasketi tangu kiwandani. Nyuso mbili za chuma hukutana na kufungwa kwa dawa nyembamba tu. Fundi akiweka silikoni kama anayepaka siagi kwenye mkate, inayozidi nje huifuta na kuridhika, lakini inayozidi ndani haioni, nayo hukatika vipande na kusafiri na oili. Kipande kimoja kikikaa kwenye kiti cha valvu ya kupunguza presha, pistoni ya valvu haifungi, na oili inamwagika chini mchana kutwa bila kelele yoyote.

Fungua valvu hiyo. Iko mbele ya injini upande wa kulia, chini, ina kofia yenye pembe sita. Toa springi na pistoni yake uone kama inateleza kwa uhuru na kama kiti ni safi. Fungua kifuniko, toa pampu kwa zile nati zake mbili, ondoa vizibo vya chini, toa vipira vya chuma na springi zake, osha kila kitu kwa mafuta ya taa. Ukiona kiti cha kipira kina doa, kirudishe kipira mahali pake na ukigonge mara moja, polepole, kwa nyundo ndogo na kipande cha shaba, ili kitengeneze kiti chake upya. Pampu ijazwe oili na kusukumwa kwa mkono: ikishika bila kuvuja, ni nzima.

Mwana wa Kisauni (Mombasa)

Ndugu wa Coventry, umeona injini yangu ukiwa mbali kuliko mimi niliyeiinamia.

Sili ilikuwa imewekwa kinyume. Nimeipiga picha kabla ya kuitoa, na mdomo wake ulikuwa unatazama gia. Pembeni kulikuwa na mchaniko wa milimita tatu hivi. Katika valvu ya kupunguza presha nilikuta vipande viwili vya silikoni, kimoja kikiwa kimejikunja chini ya pistoni. Tundu la kifuniko linalopeleka oili kwenye sili lilikuwa limezibwa karibu nusu. Pampu nimeijaribu kwa mkono, nayo ilishika. Kama ningeagiza mpya, ningelipa fedha nyingi na kuifunga kwenye kosa lile lile.

Nimeosha matundu yote kwa mafuta ya taa na brashi nyembamba ya nailoni, kisha nikapuliza kwa kompresa hadi nikaona upepo ukitokea kila upande unaotakiwa. Nimeweka sili mpya, mdomo ukitazama ndani ya kifuniko, na dawa ya kufungia nimeipaka kwa ncha ya kidole, nikiacha nafasi kavu kuzunguka kila tundu.

Sasa, injini ikiwa moto, ninapata 62 kwenye mizunguko 3,000 na 17 ikizunguka polepole. Taa haiwaki tena. Nimefurahi sana, ila bado natazama zile chembe nilizozihifadhi kwenye kopo. Je, niendelee kuendesha?

Mswahili wa Coventry (Uingereza)

Hapana, tafadhali usiendeshe. Ninajua neno hili ni chungu baada ya kazi nzuri uliyoifanya.

Geji yako inapima presha kabla ya oili kuingia kwenye kranki. Haijui kinachotokea ndani ya kranki. Ndani yake kuna tundu refu linalounganisha sehemu mbili zinazoshika konrodi, na ndani ya tundu hilo kuna mrija wa chuma ulio kama mtego wa tope. Kranki inapozunguka, uchafu mzito hutupwa kwenye kuta za mtego na kubaki humo, na oili safi huendelea na safari. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kusafisha oili katika zama ambazo pikipiki hizi hazikuwa na chujio la karatasi. Mtego hufanya kazi vizuri hadi unapojaa.

Ukijaa, matundu ya kutokea huanza kuzibwa, na hapo geji haishuki, bali inaweza hata kupanda kidogo, kwa kuwa upinzani umeongezeka. Konrodi zinaweza kuungua huku taa imezimika na mshale umesimama pazuri. Taa inakuambia habari za presha, na konrodi zinakula mtiririko.

Kwa pikipiki yako kuna sababu mbili za kuamini kwamba mtego umejaa. Baba yako alipoiendesha, oili nyingi za wakati huo zilikuwa na dawa kidogo ya kusafisha, nazo ziliacha tope lililotulia. Oili ya kisasa ina dawa nyingi ya kusafisha, na inapoingia katika injini ya zamani hulilegeza tope la miaka mingi na kulisafirisha. Kisha kuna silikoni, ambayo sehemu yake lazima imepita kwenye ile sili na kuingia ndani. Na chembe zako, kama zinang'aa kwa rangi ya fedha iliyofifia na ukizisugua kati ya vidole zinalainika, ni metali za konrodi zinazoanza kulika.

Kuhusu swali lako la pili la mwanzoni, njia za kwenye kasha na kifuniko umezisafisha bila kuipasua injini, lakini mtego wa tope hauna njia hiyo. Lazima kranki itoke.

Fundi Mstaafu (Tanga)

Naunga mkono kila neno. Wako watakaokushauri umwage mafuta ya taa ndani ya injini na kuizungusha ili tope litoke. Usifanye hivyo. Tope la mtego huo limebanwa na mzunguko wa kranki hadi limekuwa gumu kama udongo wa kufinyangia uliokauka, na kitakachotoka ni vipande vinavyotosha kuziba tundu la konrodi papo hapo.

Mwana wa Kisauni (Mombasa)

Imenichukua majuma matano kurudi hapa, kwa sababu nilitaka niandike nikiwa na kranki mezani.

Injini imetoka kwenye fremu, kasha limepasuliwa, konrodi zimefunguliwa. Metali za konrodi ya kulia zina mikwaruzo midogo tu. Za kushoto, upande ulio mbali zaidi na mahali oili inapoingilia, zimekwanguka hadi rangi ya shaba inaonekana chini, na chuma cha kranki kina mistari inayoshikwa na ukucha. Baba alikuwa akisema injini hii ina mlio upande wa kushoto, na sisi watoto tukidhani ni hadithi zake.

Kizibo kinachofunga mdomo wa mtego kimenishinda. Kimekunjwa kingo kwa msumari wa chuma tangu zamani na bisibisi imeanza kukila. Sitaki kuharibu kranki ambayo sijui nitapata wapi nyingine.

Fundi wa Lezi (Muscat, Oman)

Salaam, ndugu yangu. Mimi ni mwenyeji wa Pemba, lakini kazi ya lezi na kusaga kranki nimeifanya huku Muscat kwa miaka mingi, na wapenzi wa pikipiki za Kiingereza huku si wachache.

Acha bisibisi ya kawaida. Kwanza toboa lile doa la msumari kwa keke ndogo, kina cha milimita mbili au tatu tu, mpaka ule ukingo uliokunjwa uondoke. Kisha pasha moto eneo la kizibo kwa taa ya gesi hadi tone la maji liruke juu yake, na utumie bisibisi ya kugongwa kwa nyundo yenye ncha iliyochongwa kuenea mfereji wote wa kizibo. Kikiharibika si kitu, vipya vinauzwa. Kabla ya kuvuta mrija, toa ile bolti moja ya flaiwili (gurudumu zito la kranki) ambayo ncha yake inaingia kwenye tundu la mrija na kuushikilia. Wengi husahau hiyo bolti na kuvuta hadi mrija unakatika. Mrija wenyewe ukigoma, tengeneza uzi ndani yake kwa tapu na uuvute kwa bolti ndefu yenye wosha kubwa.

Kuhusu kusaga, pima kwa maikromita mahali pasipopungua manne kuzunguka kila upande, kwa kuwa mahali pa konrodi hulika kwa umbo la yai. Kipimo cha kiwanda ni inchi 1.6235 hadi 1.6240. Metali zinapatikana kwa upungufu wa inchi 0.010, 0.020 na kuendelea. Hata kama upande wa kulia unaonekana mzuri, saga pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Mwambie msagaji asikuachie kona kali pale duara linapokutana na ukuta. Ile kona ya mviringo iliyowekwa kiwandani ndiyo inayozuia kranki isipasuke, na nimeletewa kranki zilizokatika hapo hapo kwa sababu ya msagaji mwenye haraka.

Jambo la mwisho, na ninalisisitiza kwa sababu nimeona kazi nzuri zikiharibika kwalo: mtego usafishwe tena BAADA ya kusaga. Jiwe la kusagia huacha unga, na unga huo huingia kwenye matundu ya oili. Osha, piga brashi, puliza, kisha mimina oili safi upande mmoja na uone ikitoka kwenye matundu yote ya konrodi kwa wingi unaolingana. Hapo ndipo urudishe mrija, bolti yake na kizibo kipya, uweke dawa ya kushikilia uzi na kukunja ukingo upya. Bolti za flaiwili zikazwe kwa spana ya kupimia kama kitabu kinavyoagiza.

Mwana wa Kisauni (Mombasa)

Kizibo kimetoka kwa njia yako, kaka, na mrija ukatoka mzima.

Niliupasua kwa urefu ili nione. Upande wa kulia ulikuwa na tope jeusi lililojaa kama theluthi mbili. Upande wa kushoto ulikuwa umejaa kabisa, na njia iliyobaki ilikuwa nyembamba kuliko waya wa spoki. Katikati ya tope kulikuwa na vipande vitatu vya silikoni ya kijivu. Tope lenyewe lilikuwa limegawanyika kwa tabaka, la chini gumu na la juu laini, na nilikaa nalo mkononi kwa muda nikifikiri kwamba lile la chini liliwekwa na safari za baba za Voi na Malindi.

Kranki imesagwa kwa inchi 0.010 pande zote mbili. Nimeweka mrija mpya, metali mpya, na chujio la karatasi.

Fundi Mstaafu (Tanga)

Umeliweka wapi hilo chujio, mwanangu? Niambie kabla hujawasha.

Mwana wa Kisauni (Mombasa)

Kwenye bomba la kurudishia, mzee, baada ya pampu na kabla ya tawi linalokwenda kwenye roka. Ndugu wa Coventry alinionya kwa ujumbe kwamba nisiliweke kwenye bomba la kupelekea, kwa kuwa huko oili inashuka kwa uzito wake tu na chujio lingeinyima pampu.

Fundi Mstaafu (Tanga)

Umefanya vyema. Kabla ya kuwasha, toa plagi zote mbili, mimina oili kidogo ndani ya kasha la injini, na upige kiki polepole hadi geji isogee. Usiwashe injini kavu hata sekunde tano. Kwa kilomita 400 za kwanza usiibane na usiiache izunguke polepole kwa muda mrefu, kisha umwage oili yote ikiwa moto na kuosha machujio. Baada ya hapo badilisha oili kila kilomita 2,400, kama kitabu cha wakati ule kinavyosema, kwa sababu ukubwa wa mtego ni ule ule. Na ukiiegesha kwa majuma kadhaa, mwaga kwanza oili iliyoteremka chini ya injini kabla ya kupiga kiki, maana vipira vya pampu hupitisha kidogo kidogo.

Mwana wa Kisauni (Mombasa)

Nimewasha jana alasiri. Ilichukua kiki kumi na mbili bila plagi hadi geji iliposogea, kisha nikafunga plagi na injini ikawaka kwa kiki ya pili. Leo asubuhi nimeiendesha hadi Mtwapa na kurudi, kwa mwendo wa taratibu. Ikiwa moto kabisa nimepata 72 kwenye mizunguko 3,000 na 24 ikizunguka polepole. Nimetoa chujio la chini na kulipangusa kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kimebaki cheupe. Ule mlio wa upande wa kushoto haupo tena. Mama ameuulizia.